Simameni Kama Mnapigwa Picha

KHAMISA: Haloo? Nani mwenye namba hii?

MWANALIMA: Dada, ni mimi.

KHAMISA: Mimi nani? [mkwaruzo] Sema kwa sauti, mtandao wakwaruza kama mchu akunaye nazi.

MWANALIMA: Mwanalima, nduguyo. Laini hii kanipa nahodha Mahmudi.

KHAMISA: Alhamdulillahi. Alhamdulillahi Rabbil-alamin. Tangu alfajiri simu iko mapajani, shuka za wageni zimenirundikia hapa sijagusa hata moja. Mko wapi?

MWANALIMA: Tumevuka mpaka. Mahmudi katushusha kwenye ile pwani ya wazungu uliyomwelekeza, kisha kageuza chombo papo hapo, hakuaga.

KHAMISA: Mwache aende, na yeye ana roho. Mko Kenya sasa. Na salamu nimeisahau kwa kiwewe. Asalamu aleikum.

MWANALIMA: Waaleikum salam, Da Khamisa.

KHAMISA: Watoto?

MWANALIMA: Zuleikha yuko. Walidi yuko.

KHAMISA: Na kitindamimba wangu?

MWANALIMA: Safiyya amelala.

KHAMISA: Mwache alale, maskini, safari ya usiku kucha. Ile homa uliyoniambia imeshuka?

MWANALIMA: Imeshuka.

KHAMISA: Mola ni mwema. Nimemshonea kanzu ya kitambaa cha maua, atakuja nayo hapa Amu, Lamu mjini, aringe. Sasa nisikize, maana hatuna wasaa. Abdulqadir keshatoka na boti ya mashine. Atawachukua hapo ufuoni kama achukuavyo wageni wengine wote. Mpaka afike, nyinyi si watu wa kisiwa cha Chula kule Somalia. Nyinyi ni kina nani?

MWANALIMA: Watu wa Mombasa.

KHAMISA: Mmekuja kufanya nini?

MWANALIMA: Kupumzika.

KHAMISA: Mbona wasema kama mchu anayekiri wizi? Aliyekuja kupumzika hulisema neno hilo huku akijinyoosha.

MWANALIMA: Dada, naogopa.

KHAMISA: Najua. Na mimi hapa naogopa. Lakini maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Askari hupita ufuo huo kila asubuhi kwa miguu. Wakiwakuta mmejibanza mikokoni, wamewajua nyinyi ni nani. Wakiwakuta mnajipiga picha, watawapita. Miaka yote hii nafua shuka za nyumba ya wageni, sijaona askari akimdai kitambulisho mchu aliyeruka juu ili apigwe picha.

MWANALIMA: Na wakitujua?

KHAMISA: Watawarudisha Kismayo.

MWANALIMA: Na Kismayo—

KHAMISA: Usiniambie. Nakumbuka.

MWANALIMA: Siku wale wapiganaji walipomchukua mume wangu Fakihi walimsimamisha Walidi karibu na bunduki, wakampima. Wakasema huyu bado, tutamrudia. Na sasa amerefuka, dada. Nilimpoteza mume nikasema ni amri ya Mungu. Huyu siwapi.

KHAMISA: Humpi mchu yeyote. Ndiyo maana tunafanya haya. Mkoba niliowapelekea kwa Mahmudi umeufungua?

MWANALIMA: Nimeufungua. Kofia, miwani ya jua, taulo lenye kasuku.

KHAMISA: Vitu vya wageni hivyo, walivisahau vyumbani. Watu wale husahau kila kitu isipokuwa simu.

MWANALIMA: Na shuka jeupe.

KHAMISA: La kutandika. Mzungu halipi nauli yote ile aje akae juu ya mchanga mtupu. [kishindo, tena na tena] Nini hicho kinachopigwa?

MWANALIMA: Ni Walidi. Kaona shimo la pweza penye mwamba, kamtoa. Sasa yuwampiga alainike.

KHAMISA: Mwanalima.

MWANALIMA: Naam.

KHAMISA: Mgeni gani wa hoteli apigaye pweza juu ya jabali? Mchu wa kuja akimwona pweza hukimbia. Mwambie amtupe.

MWANALIMA: Hawajala tangu jana asubuhi.

KHAMISA: Watakula kwangu mpaka wavimbiwe. Amtupe.

MWANALIMA: [kwa mbali] Walidi, mrudishe majini. Mrudishe, nimesema... Aniuliza ana kosa gani. Dada, watoto hawa hawajui kucheza pwani. Tangu wazaliwe pwani ni mahali pa kazi. Nimemwambia Zuleikha achezee mchanga, kaanza kuchimba chambo.

KHAMISA: [anacheka, kisha anaacha] Mungu wangu. Na wakiitwa wasiitike kwa Kisomali, umewaambia?

MWANALIMA: Nimewaambia.

KHAMISA: Haya. Wazungu wako hapo?

MWANALIMA: Wawili, mbali kule. Mwanamke kanyoosha kiganja juu, mwanamume kalala kifudifudi mchangani kama aliyepigwa, yuwampiga picha.

KHAMISA: Anashika jua huyo. Picha ikitoka, jua limekaa kiganjani kama chungwa. Wanapenda sana. Sasa na Zuleikha ashike jua. Walidi aruke juu umpige angali hewani. Piga miguu yenu mitupu na povu la maji. Andikeni majina mchangani, ya uongo. Kisha nitumie nione kama mwafanana na watu wenye raha.

MWANALIMA: Safiyya simwamshi.

KHAMISA: Nani kasema umwamshe? Piga hao wawili. Usikate simu, mimi nipo.

[upepo, sauti za watoto kwa mbali, mkwaruzo mrefu]

MWANALIMA: Zimefika?

KHAMISA: Zaja moja moja, mtandao wa kwetu wajivuta. Hii hapa ya Walidi... mbona ameruka kainama hivi? Anakwepa nini?

MWANALIMA: Ndivyo arukavyo.

KHAMISA: Mwambie kifua wazi, mikono juu, mdomo wazi. Hii ya maandishi nzuri. Hii ya jua nzuri zaidi, hata wale wangu wa hapa hawajafika hapo. Lakini Zuleikha haangalii jua. Atazama pembeni. Na kwenye hii ya pili pia, atazama pale pale. Nini kiko pale?

MWANALIMA: Hakuna kitu.

KHAMISA: Ngoja, yaja nyingine. Hii... huyu ni Safiyya kwenye taulo?

MWANALIMA: Hiyo ilijipiga. Kidole kiligusa. Ifute.

KHAMISA: Jua lote hili wamfunika mtoto gubigubi? Atakosa pumzi.

MWANALIMA: [kimya]

KHAMISA: Mwanalima? Mtandao umekatika? Haloo?

MWANALIMA: Nipo.

KHAMISA: Mfunue mtoto uso.

MWANALIMA: Dada—

KHAMISA: Mfunue nimwone, unipigie picha moja—

MWANALIMA: Usiniambie nimfunue, Da Khamisa. Nakuomba kwa jina la mama yetu.

[mawimbi]

KHAMISA: Lini?

MWANALIMA: Kabla ya kupambazuka, tungali baharini. Homa ilishuka. Nikafurahi, dada, wallahi nilifurahi, nikamwambia Mahmudi mtoto amepoa. Mahmudi akamgusa kipaji. Hakusema kitu. Baadaye akaniambia, mfunike, bibi, kuna baridi.

KHAMISA: Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Safiyya wangu. Safiyya wangu ambaye hata sijamwona kwa— [analia]

MWANALIMA: Usilie.

KHAMISA: Niache.

MWANALIMA: Usilie, dada. Ukilia nitalia, na nikilia sisi si wageni tena. Nimebana tangu alfajiri. Usinifungulie.

KHAMISA: [anavuta pumzi] Basi. Basi, nimenyamaza. Watoto wajua?

MWANALIMA: Zuleikha ajua. Walidi nimemwambia amelala. Na yeye ajua, ila yuwashikilia vivyo hivyo kuwa amelala. Hata kupiga pweza, nadhani alitaka ampikie yeye.

KHAMISA: Abdulqadir atakuja naye. Tutamzika huku Amu, watu watajaa, atasomewa—

MWANALIMA: Boti hukaguliwa gatini. Wewe ndiye uliyeniambia.

KHAMISA: Nilikuambia.

MWANALIMA: Wakifunua taulo wakute maiti, watauliza kafia wapi, kwa nini, karatasi iko wapi. Nitajibu nini? Niambie wewe mkubwa wangu. Nimrudishe huyu akazikwe kwao Chula na Walidi wakamchukue? Au nimwache huyu peke yake nchi ya watu ili niende na yule? Nimekaa hapa tangu kuche nimewatazama wote wawili, sijaweza kuchagua.

KHAMISA: Utamzika hapo.

MWANALIMA: Hapa?

KHAMISA: Hapo ufuoni. Sasa hivi, kabla askari hawajapita.

MWANALIMA: Bila muoshaji? Bila imamu? Kama kitu kilichotupwa na maji?

KHAMISA: Si kitu kilichotupwa. Ana mama, ana dada, ana kaka, na mimi mamake mkubwa niko hapa simuni. Kuna wafalme wamezikwa kwa pungufu ya hao. Nyanyuka, ndugu yangu. Nyanyuka nitakuongoza.

MWANALIMA: Maji matamu sina. Yako kidogo ya kunywa.

KHAMISA: Maji ya bahari ni tohara, Mtume mwenyewe aliulizwa akajibu. Ingia naye mpaka magotini, umwogeshe kama mama yeyote anayemwogesha mwanawe pwani. Hakuna atakayekutazama mara mbili. Anza mkono wa kulia. Mara tatu, na kila mara umpitishe vizuri nyuma ya masikio.

MWANALIMA: Hapendi maji ya masikio.

KHAMISA: Polepole basi. Kwa ncha za vidole.

MWANALIMA: Na sanda?

KHAMISA: Lile shuka.

MWANALIMA: Ulilitia la kutandika.

KHAMISA: Nililitia la kutandika. Nilichagua lililo jeupe zaidi ili mpendeze. Na Zuleikha na Walidi wachimbe. Juu, juu kabisa, maji yasipofika.

MWANALIMA: Kuchimba wajua. [kwa mbali] Zuleikha. Walidi. Ndooni huku, mama zangu, baba zangu. Chimbeni hapa. Ndiyo, kirefu... Ndiyo, Walidi. Ndiyo, baba. Ni kwa ajili yake.

KHAMISA: Kalia?

MWANALIMA: Hakulia. Kauliza tu aanze upande gani. Nampa simu Zuleikha aishike, naingia majini.

[mawimbi, muda mrefu]

KHAMISA: Zuleikha, mwanangu, hujambo? ...Usijibu kama huwezi. Ishike tu simu. Mimi nasoma hapa polepole, wewe sikiliza.

[mawimbi, mkwaruzo]

MWANALIMA: Dada. Nimemaliza. Nimemfunga. Shuka ni kubwa, limemzunguka na kubaki.

KHAMISA: Usilikate. Libaki lote naye. Kibla kwa hapo ni kaskazini, upande ule mliotoka. Kichwa chake kiwe bahari, miguu nchi kavu, alalie ubavu wa kulia.

MWANALIMA: Uso watazama Chula, basi.

KHAMISA: Watazama Makka, na Chula iko njiani.

MWANALIMA: Tumemlaza. Dada, nawaona. Nawaona askari kule mwisho wa pwani. Wawili. Wamesimama na wale wazungu.

KHAMISA: Muda watosha. Sikiza vizuri. Sala ya jeneza haina rukuu wala sijida, wajua. Ni kusimama tu. Iweke simu juu ya jiwe upande wa kaskazini, iinue kama mchu anayetaka kujipiga video. Nyinyi simameni safu mkiitazama. Aliye mbali ataona watu wanapigwa picha.

MWANALIMA: Nani atangulie?

KHAMISA: Walidi.

MWANALIMA: Ni mtoto.

KHAMISA: Fatiha aijua, sala aijua, yatosha. Na wale wa Kismayo walimwona mwanamume, na sisi leo tumwone. Avue hiyo miwani.

MWANALIMA: Hakuvaa. Nimevaa mimi. Yanisitiri macho.

KHAMISA: Wewe baki nayo basi. Fungua sauti ya simu. Nitawatajia kwa chini, mfuate moyoni. Mikono isipande juu sana. Allahu akbar. Someni Fatiha.

[upepo]

KHAMISA: Allahu akbar. Msalieni Mtume.

[upepo, ndege wa pwani]

KHAMISA: Allahu akbar. Sasa mwombeeni. Ya Rabbi, mjaalie awe mtangulizi wa wazazi wake, awatengenezee mahali. Ya Rabbi, babake kama yuko huko, amwone anakuja. [sauti inakatika] Ya Rabbi, alikuwa hajui kusema maneno mengi, usimuulize maneno mengi.

[upepo]

KHAMISA: Allahu akbar. Toeni salamu. Mwanalima? Fukieni.

MWANALIMA: Twafukia. [pumzi za haraka] Waacha wazungu. Waja huku. Mmoja kabaki nyuma yuwafunga kiatu, mmoja yuwaja.

KHAMISA: Usiharakishe mikono. Watoto wakicheza na mchanga hawaharakishi.

MWANALIMA: Limebaki tuta. Laonekana tuta, dada, lajulikana hata kwa kipofu.

KHAMISA: Lijengeni. Zuleikha alipambe kwa kombe za baharini, Walidi alizungushie handaki. Wageni wote hujenga, hujenga majumba ya mchanga na minara yake. Lijengeni.

MWANALIMA: Zuleikha, lete kombe. Zote. Chomeka hapa, na hapa. Walidi, chimba kando, zungusha— Kafika. Naishusha sauti ya simu, usikate.

KHAMISA: Sikati.

MWANALIMA: [kwa askari, kwa sauti ya furaha] Nzuri, afande, za kwako... Mombasa. Kisauni... Eeh, twapumzika tu, shule zimefungwa... Boti yaja, ndiyo, ya Abdulqadir... Huyu? Naongea na dada yangu... Hao wanacheza. Wanacheza na mchanga... Ahsante. Wamejitahidi, ndiyo. [kwa simu] Dada.

KHAMISA: Nakusikia.

MWANALIMA: Askari asema anipe mkono wa msaada. Asema mwenye kushika simu siku zote hatokei kwenye picha, nimpe yeye atupige sote.

KHAMISA: Mpe.

MWANALIMA: Dada.

KHAMISA: Mpe simu, ndugu yangu. Mpe na ucheke.

MWANALIMA: [kwa mbali] Hapa? Tusogee wapi, afande? ...Mbele ya hiyo walojenga? ...Hapana, hakuna neno, panapendeza. Zuleikha, ndoo ukae kulia kwangu. Walidi, usipite hapo. Zunguka, baba. Zunguka kwa nyuma, usikanyage... Tukae chini? Haya, twakaa... Ndiyo, mkono niuweke juu yake, sawa... Tucheke. Wanangu, afande asema tucheke. Haya. Twacheka.

[mlio wa kamera]

MWANALIMA: [kwa mbali] Moja tena? Haya, moja tena.

[mlio wa kamera; mkwaruzo; hatua mchangani]

MWANALIMA: Kaenda.

KHAMISA: Kaenda kweli?

MWANALIMA: Kaenda, kamfuata mwenzake. Mchu mzuri, dada. Kampa Walidi peremende. Kasema tumejenga vizuri, lakini bahari ikijaa itabomoa.

KHAMISA: Itafika?

MWANALIMA: Haitafika. Nimemweka juu ya mwani mkavu, hata maji makubwa ya bamvua huishia pale. Nilimwambia askari, mwachie Mungu. [analia kwa mara ya kwanza] Da Khamisa, nimecheka. Mkono uko juu ya mwanangu, mchanga bado wa maji, na mimi nimecheka na meno yameonekana.

KHAMISA: Lia sasa. Lia, hawako.

MWANALIMA: Sina wakati. Nasikia mashine. Walidi anapunga kofia, ndiye Abdulqadir. [mkwaruzo] Na chaji yaisha, yaonesha nyekundu. Dada, siwezi kuweka hata jiwe.

KHAMISA: Usiweke kitu.

MWANALIMA: Upepo wa siku mbili tu kombe zote zitaanguka. Nitapajuaje nikija kumzuru? Pwani yote nyeupe, yote sawa.

KHAMISA: Nyuma yenu kuna nini?

MWANALIMA: Mwamba wa Walidi. Mkoko mmoja ulioinama.

KHAMISA: Basi viko kwenye picha. Nitumie hiyo picha kabla simu haijazima. Zile za kuruka na kushika jua nitazifuta zote, hiyo nitaiweka.

MWANALIMA: Naituma. Yaenda... yaenda. Imeenda. Nimeitazama, dada. Alijua kupiga yule askari, hakukata mchu miguu.

KHAMISA: Imefika. Naiona.

MWANALIMA: Abdulqadir asema tupande haraka, na tupande tukizungumza kama watu waliochoshwa na jua. Watoto wako majini tayari. Kwaheri, dada. Tuonane gatini.

KHAMISA: Pandeni, nipo gatini, nimeshatoka na viatu mkononi. Mwanalima, picha hii nisimuoneshe yeyote?

MWANALIMA: Waoneshe. Mchu akiuliza, mwambie ni sisi, tulikwenda pwani. Ndiyo picha ya pekee tuliyopigwa wote wanne—

KHAMISA: Haloo? Haloo?